Mtoto wa Panga ya Saidi



Somo letu la wiki hii ni Mwanzo 23, pale Ibrahimu anaponunua pango la Makpela amzike Sara. Nilikusudia kuandika juu ya ardhi, maana hapa Kikoneni, Kwale, ukitaja ununuzi wa shamba kila nyumba ina faili lake na kila faili lina kesi yake. Lakini niliposoma tena sura ile nikavutwa na pango lenyewe, nalo likanipeleka kwenye pango jingine lililo hapa hapa Pwani, kaunti ya Kilifi. Humo kulizikwa mtu kabla ya Ibrahimu, kabla ya Wamisri na piramidi zao, kabla hata ya kuwapo mkulima mmoja duniani. Aliyezikwa alikuwa hajafikisha umri wa kuingia Sunday school.

Pango hilo ni Panga ya Saidi, kwenye vilima vya Dzitsoni, kilomita kama 15 kutoka baharini. Mwaka 2010 watafiti wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao kutoka nchi za nje walianza kuchimba humo. Uchimbaji wa waakiolojia ni wa mwiko na brashi. Huondoa udongo tabaka baada ya tabaka, na kila kitu hupimwa na kuandikwa pale pale kilipo kabla hakijaguswa. Mwaka 2013 walikuta dalili za shimo dogo. Ilipofika 2017 wakalifunua lote, karibu mita tatu chini ya sakafu ya pango tunayoikanyaga leo. Ndani mlikuwa na mifupa iliyooza kiasi kwamba ukiigusa inakuwa unga. Hawakuthubutu kuinyanyua. Walilivika plasta donge zima la udongo, kama daktari anavyofunga mguu uliovunjika, wakalibeba jinsi lilivyo hadi Nairobi. Kule Makumbusho yakaonekana meno mawili madogo, na hapo ndipo walipoanza kushuku kwamba wamebeba mtu.

Donge likasafirishwa hadi Burgos, Hispania, kwenye kituo cha utafiti kilichokuwa kikiongozwa na María Martinón-Torres. Huko walilipiga eksirei na kulifukua polepole. Kikatokea kichwa, taya lenye meno ambayo bado hayajaota, uti wa mgongo na mbavu. Alikuwa mtoto wa miaka miwili na nusu, labda mitatu. Habari ilitoka Mei 2021 katika jarida la Nature, ikiwa na jina la Emmanuel Ndiema wa Makumbusho yetu miongoni mwa waandishi. Umri wa kaburi ni miaka 78,000 hivi. Kwa binadamu wa aina yetu, hilo ndilo kaburi la zamani zaidi linalojulikana barani Afrika. Watafiti walimpa marehemu jina la Kiswahili, wakamwita Mtoto.

Najua mzee mmoja wa kanisa atanisimamisha mlangoni Jumapili aniulize miaka 78,000 inaingia wapi katika Biblia. Nimjibu mapema. Mwanzo haina tarehe. Aliyejumlisha umri wa mababu akapata mwaka 4004 kabla ya Kristo ni Askofu Mkuu James Ussher wa Ireland, katika kitabu alichokitoa mwaka 1650, na hesabu ile ni yake. Waakiolojia nao wana hesabu yao, na haitokani na kubahatisha. Chembe ya mchanga ikifukiwa gizani huhifadhi nguvu kidogo kidogo kutokana na mionzi iliyomo ardhini. Ikipigwa na jua, nguvu hiyo hutoka yote, na ikifukiwa tena inaanza upya. Maabara hupima imejaa kiasi gani tangu ilipoona mwanga mara ya mwisho. Basi. Mimi sioni cha kugombania hapo, na kuna jambo zito zaidi la kutazama.

Jambo lenyewe ni jinsi alivyolazwa.

Alilazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa hadi kifuani. Kifua kilifungwa kwa kitu kilichombana, huenda majani, huenda ngozi. Kitu chenyewe kimeoza zamani, lakini mfupa wa bega na mbavu za juu zilikaa kwa namna inayotokea tu mwili unapokuwa umeviringishwa. Kichwa kilikuwa kimeinama kwa namna ya pekee pia, kama kinavyoinama kikiwa kimewekwa juu ya kitu laini, kisha kitu kile kikaoza na kichwa kikashuka. Kwa maneno yetu, mtoto huyu alivishwa sanda akawekewa mto. Shimo lilichimbwa makusudi, kisha likajazwa udongo uliozolewa kwenye sakafu ya pango. Udongo wenyewe umeshuhudia kwamba mwili ulioza mle mle shimoni, haukuachwa nje kwanza.

Majirani zetu Waislamu wakisoma hapo watatikisa kichwa kwa kukubali. Wao pia humlaza maiti ubavu wa kulia, ndani ya mwanandani, akiwa amevishwa sanda. Sisemi kwamba watu wa Panga ya Saidi walikuwa na dini hii au ile. Imani yao hatuijui. Mikono yao tu ndiyo tunayoijua, na mikono ile ilimfunga mtoto, ikamkunja vile anavyojikunja mwenyewe usiku wa baridi, ikamwekea kitu chini ya kichwa. Maiti haihitaji mto. Anayehitaji kuuweka ni aliyebaki.

Na tuwaone walikuwa watu gani. Hawakuwa na chuma wala chungu, hawakufuga wala kulima. Waliishi mahali msitu unapokutana na mbuga, wakiwinda wanyama wa pande zote mbili na kuchuma kilichoiva. Vifaa vyao vilikuwa mawe ya kupasuliwa, na miaka inavyoendelea mawe hayo yanazidi kuwa madogo na kuchongwa kwa ufundi zaidi. Bahari waliijua, maana vizazi vingi baada ya Mtoto, miaka kama 65,000 iliyopita, mtu alibeba ganda la kombe kutoka ufuoni akalipandisha hadi pangoni, akalifanya ushanga. Watu waliendelea kukaa na kurudi pale kwa maelfu ya miaka, jua kali na mvua zikipokezana. Kwa maisha kama hayo, vifo vya watoto vilikuwa vingi kwa vyovyote: homa, nyoka, njaa ya kiangazi, kuhara. Hakukuwa na chanjo wala dripu.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu kuna neno tunalolisema bila kufikiri. Tunasema watu wa zamani walizoea. Walizaa kumi wakafiwa na watano, kwa hiyo msiba wa mtoto mchanga haukuwa msiba. Hata vitabuni liliandikwa, na wasomi wa heshima, kwamba katika enzi ambazo watoto walikufa kwa wingi wazazi waliwawekea mioyo nusu. Na sisi huku tumelifanya kuwa ushauri. Mama akijifungua mfu, au kichanga kikikaa wiki mbili kikaondoka, wa kwanza kufika humwambia, “Pole, utapata mwingine.” Wa pili humwambia, “Usilie, utamkosea Mungu.” Wa tatu anamhadithia bibi yake aliyezika wanne na hakutoa chozi.

Huyo bibi hakutoa chozi mbele yenu.

Panga ya Saidi inatuonyesha kitu kingine. Kaburi la pili la kale katika Afrika linalotajwa pamoja na la Mtoto liko Border Cave, Afrika Kusini, la miaka kama 74,000, na aliyezikwa humo ni kichanga, amewekewa ganda la kombe la baharini. Makaburi mawili ya kale kuliko yote ya watu wa aina yetu barani, na yote mawili ni ya watoto. Si ya mfalme wala shujaa wa kuwinda. Pwani yetu ina makaburi ya nguzo kule Gede na Malindi. Wagiriama wana vigango, na vile huchongewa watu wa Gohu, wazee walioheshimika. Hizo ni kumbukumbu za watu waliokwisha kuwa na cheo. Mtoto wa miaka mitatu hana cheo, hana mali, hajawinda hata panya. Aliyechimba shimo lile hakuwa anamlipa fadhila.

Ukienda kaskazini ya mbali, kwenye theluji, utakuta vivyo hivyo. Sungir, mashariki ya Moscow, watoto wawili walizikwa kichwa kwa kichwa miaka 34,000 hivi iliyopita, na mavazi yao yalishonewa shanga zaidi ya 10,000 za pembe za mamothi, yule tembo wa kale mwenye manyoya. Kila ushanga ulichongwa na kutobolewa kwa mkono, katika nchi ambayo majira ya baridi yanaua. Nani alikuwa na nafasi ya kazi hiyo? Walitafuta nafasi. Na kule Vedbæk, Denmark, mwaka 1975, lilifunuliwa kaburi la msichana wa miaka kama 18 aliyekufa yapata miaka 7,000 iliyopita, na pembeni mwake mwanawe aliyezaliwa siku hiyo hiyo au hakuwahi kuvuta pumzi. Mtoto yule alilazwa juu ya bawa la batamaji, ndege mkubwa mweupe wa maziwa ya kaskazini. Watu wale walikuwa wavuvi na wawindaji, hawakumjua Ibrahimu wala hawakumsikia Kristo. Mimi nimesoma mahubiri mengi ya mazishi ya watoto, na sikumbuki lililosema zaidi ya bawa lile.

Basi nani alizoea?

Sisi wahubiri tuna sehemu yetu katika hili. Andiko tunalolikimbilia mtoto anapofariki ni 2 Samweli 12, pale Daudi anapoambiwa kwamba mwanawe amekufa, akainuka, akaoga, akabadili nguo, akaabudu, akala. Tunalileta mbele ya mama aliyeketi kwenye mkeka kana kwamba ni agizo: Daudi alikula, nawe kula. Lakini tunaanza kusoma katikati. Kwa siku saba kabla ya hapo Daudi alikuwa amelala chini, hakula, wazee wa nyumba yake wakijaribu kumwinua akakataa. Watumishi waliogopa kumpa habari, wakidhani atajidhuru. Alikuwa amemaliza matanga yake kabla ya kifo. Mama wa Kikoneni aliyetoka hospitali jana mikono mitupu hajapewa hizo siku saba. Na mbona hatusomi Rizpa, 2 Samweli 21, aliyetandika gunia juu ya mwamba akakaa na miili ya wanawe, akifukuza ndege mchana na wanyama usiku, tangu mavuno hadi mvua iliponyesha? Hakuna aliyemwambia Rizpa atapata wengine. Mfalme aliposikia alitikisika, akaenda kuikusanya mifupa ikazikwe. Na Yeremia anaposema habari za Raheli na watoto wake, hamkemei kwa kutokubali kufarijiwa.

Niseme ninachokiona, maana kuzunguka hakusaidii. Katika baadhi ya nyumba zetu kichanga kikifa, hasa aliyezaliwa mfu, hufungwa katika leso ya mama yake. Wanaume wawili watatu hutoka naye jioni na jembe. Mchungaji haitwi, maana “hakubatizwa”. Jina halitajwi, maana “hakupewa”. Mama hubaki ndani na wanawake, na mara nyingine haambiwi hata ni chini ya mwembe upi au mkorosho upi. Asubuhi anatarajiwa kusonga sima. Wanaofanya hivyo si wakatili, wanadhani wanampunguzia. Wanamficha kaburi kwa huruma ile ile ambayo mtu wa Panga ya Saidi alimwekea mwanawe mto. Lakini matunda ni tofauti.

Bibi mmoja wa ushirika wetu, mwenye wajukuu waliokwisha kuoa, alinisimulia kilichotokea sensa ya 2019 ilipofika kwake. Karani alimwuliza amezaa watoto wangapi. Akajibu wanane. Kijana wake, aliyekuwa ameketi karibu, akamsahihisha: “Saba, mama.” Akarudia: wanane. Kijana akamwambia karani aandike saba, mama amezeeka. “Mchungaji,” akaniambia, “nilimwambia karani, huyu anahesabu aliowakuta.” Wa kwanza wake aliishi siku chache. Hakuna katika ile nyumba aliyepata kuambiwa kwamba wa kwanza alikuwepo.

Siku moja nilimweleza bibi yule habari za Mtoto, kwa Kidigo changu cha kuombea maji. Hakushangaa miaka. Aliuliza swali moja tu: alilazwa kwa upande gani? Nilipomwambia wa kulia, na kwamba kulikuwa na kitu chini ya kichwa, alinyamaza kidogo kisha akasema walimpenda, kwa sauti ya mtu anayepokea habari za ndugu wa mbali.

Ndugu wa mbali kweli. Tunaishi juu ya watu. Mwaka 1967 mwanaakiolojia Robert Soper alichapisha habari za uchimbaji wake hapa Kwale, vigae vya vyungu vyenye midomo iliyochongwa mifereji, vya wakulima na wahunzi wa chuma wa karne ya 3 baada ya Kristo. Leo vyungu vya namna hiyo, vikipatikana Usambara au Upare, au hata kusini zaidi, wataalamu huviita kwa jina la Kwale. Kaunti yetu, ambayo wengi Nairobi huijua kwa hoteli za Diani tu, imeyapa jina maisha ya watu wa pwani nzima ya kale. Mvua za masika zikikokota udongo shambani kwako ukaona kigae chenye mchoro usioujua, usikitupe kwa wepesi. Mwanamke mmoja alikipika kwa moto wa kuni, akachotea maji, na huenda naye alikuwa na wa kwanza asiyehesabiwa.

Hapa ndipo ninaporudi kwa Ibrahimu. Alikuwa mgeni katika nchi ile, mfugaji asiye na kiwanja. Mungu alikuwa amemwahidi nchi yote, na hakuwa na hata hatua moja ya kuweka mguu iliyo yake kwa karatasi. Kipande cha kwanza alichokimiliki kilikuwa kaburi. Efroni Mhiti alijifanya kumpa bure, kwa adabu za sokoni tunazozijua, kisha akataja bei: shekeli 400 za fedha. Ibrahimu hakushusha bei. Akapima fedha mbele ya mashahidi. Nimeona watu wakibishana bei ya jeneza mpaka maiti akachelewa, kwa hiyo sura ile hunipendeza. Alitaka mahali pasiposahaulika, penye mipaka na miti iliyotajwa, ambapo hakuna atakayekuja kesho kulima juu.

Na sura ya 25 inaongeza jambo ambalo wengi hulipita. Ibrahimu alipokufa, waliomzika katika pango lile walikuwa wawili, Isaka na Ishmaeli. Ishmaeli alikuwa amefukuzwa nyumbani pamoja na mama yake, wakiwa na kiriba cha maji. Alirudi kuzika. Hapa Kikoneni tunalijua hilo bila kufundishwa: msiba wa Mkristo, Waislamu ndio wa kwanza kushika majembe, msiba wa Mwislamu, sisi twakaa barazani na kuchanga. Kwa wakubwa tunafanya vizuri. Nimeshiriki mazishi yaliyojaa uwanja mzima, vipaza sauti, mahema, sufuria za pilau, wanasiasa wakisubiri zamu ya kusema. Kwa mtoto wa siku tatu hatuna hata benchi.

Kwa hiyo nimezungumza na wazee wa kanisa, na haya ndiyo tuliyokubaliana. Kuanzia sasa, mtoto akifariki katika nyumba yoyote ya ushirika, awe amebatizwa au la, awe amelia au hakulia, mchungaji ataitwa, na kama siko mzee wa zamu ataitwa. Mama ataulizwa kama anataka kwenda kaburini. Akitaka atakwenda, hata kama ni kwa bodaboda na mtu wa kumshika nyuma. Jina alilokuwa amelichagua litatajwa. Asiyetaka haya hatalazimishwa.

Na kwa waliopita: Alhamisi hii, baada ya kipindi cha akina mama, tutakuwa na ibada fupi kwa ajili ya watoto waliozikwa bila maombi. Mwenye jina alete jina. Asiye na jina alete mwaka, na asiyeukumbuka mwaka aseme msimu. “Mvua za El Niño” inatosha. Akina baba waje, hasa wale waliotoka na jembe jioni ile, kwa kuwa baadhi ya wake zenu wangali wanataka kuonyeshwa mahali. Majirani zetu Waislamu watakaopenda kuketi nasi wakaribishwe mbele, si mlangoni. Mzee wa zamu atakuwa na daftari kuanzia saa nane, naye amekwisha kuandika wa kwanza, yule wa nane.